Senti ya 1955: kosa la Philadelphia lililowafumbua macho wakusanyaji

Mwaka 1955, mashine za kuuzia sigara kaskazini mashariki mwa Marekani zilikuwa zikitoa pakiti moja kwa senti 23. Mashine yenyewe ilipokea robo dola, yaani senti 25, na haikuwa na namna ya kurudisha chenji. Wenye biashara wakatafuta njia: senti mbili zikachomekwa ndani ya ile karatasi ya nailoni inayofunika pakiti, mteja akiichana anaikuta chenji yake. Kwa njia hiyo watu wa maeneo ya Binghamton, jimbo la New York, na wengine wa Massachusetts, wakaanza kukutana na senti ambazo hawakuwahi kuona mfano wake. Tarehe yake ilisomeka mara mbili.

Sarafu yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa kwa Wamarekani wa wakati ule. Ni ile ya Abraham Lincoln, iliyobuniwa na Victor David Brenner na kuanza kutumika mwaka 1909. Ina uzito wa gramu 3.11, kipenyo cha milimita 19, na asilimia 95 yake ni shaba. Upande mmoja una kichwa cha rais, upande wa pili una maneno ONE CENT katikati ya masuke mawili ya ngano. Kwenye zile za ajabu, tarakimu za 1955 upande wa kichwa zimeachana hadi kila moja ina pacha wake pembeni. Neno LIBERTY nyuma ya bega la Lincoln nalo ni hivyo hivyo, na maandishi IN GOD WE TRUST yanayopita juu ya kichwa chake yanaonekana kana kwamba macho ya msomaji yana kasoro. Huhitaji lenzi. Mtu aliyetoka tu kazini, anafungua sigara yake chini ya taa ya barabarani, anaiona.

Hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki, na ndiyo sababu nimekichagua kati ya makosa mengi ya sarafu ambayo yangeweza kuandikiwa. Viwanda vya sarafu vimekosea tangu zamani za Warumi. Sarafu zilizopigwa pembeni, zenye picha ya upande mmoja pande zote mbili, zilizokatika ukingo, zote zilikuwepo. Lakini kwa wakusanyaji wa kale wa Marekani hivyo vilikuwa vituko tu. Mkusanyaji mwenye heshima zake alijaza albamu kwa mwaka na kwa alama ya kiwanda, na sarafu yenye kasoro aliiona kama shati lililoshonwa vibaya, akatafuta nzuri zaidi. Senti ya 1955 ndiyo iliyowageuza watu wengi kwa mpigo.

Tuanze na swali ambalo lilisumbua kwanza: nini kilitokea?

Jibu la haraka la wengi lilikuwa kwamba sarafu ilipigwa mara mbili. Inaingia akilini, na hata leo ukimwonyesha mtu picha yake ndivyo atakavyokuambia. Ila igeuze sarafu. Upande wa ngano ni safi, herufi moja moja, hakuna kilichojirudia. Sarafu inapopigwa hukaa katikati ya mihuri miwili, mmoja chini na mwingine juu, na pigo moja huchapa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kama ingepigwa mara mbili ikiwa imehama kidogo, ngano nayo ingejirudia. Haikujirudia. Isitoshe, zile senti zote zilifanana: pacha wa kila tarakimu alikuwa umbali ule ule, upande ule ule, sarafu baada ya sarafu. Ajali ya mashine haijirudii kwa usahihi wa namna hiyo mara maelfu. Kwa hiyo sarafu zilipigwa mara moja, vizuri tu. Kilichokuwa na kosa ni muhuri wenyewe.

Nadhani hatua hii ya kufikiri, ya kugeuza sarafu na kuuliza upande wa pili unasema nini, ndiyo zawadi kubwa ambayo kisa hiki kiliwapa wakusanyaji wa mwanzo. Iliwalazimu kuingia kiwandani kwa akili zao.

Ndani ya kiwanda mambo yalikwenda hivi. Muhuri wa kupigia sarafu ni kipande cha feleji chenye picha iliyochimbika kwa ndani na kugeuka kinyume, ili ikigongwa kwenye shaba itoe picha iliyotokeza nje na kusomeka. Muhuri huo nao hutoka kwa muhuri mama, ambao picha yake imetokeza nje kama ya sarafu. Muhuri mama unakandamizwa kwa nguvu kubwa juu ya feleji tupu, na picha inazama. Tatizo la feleji ni kwamba ikikandamizwa inakuwa ngumu zaidi, na ukiendelea kuisukuma itapasuka kabla picha haijazama vya kutosha. Kwa hiyo, miaka ile, kazi ilifanywa kwa awamu. Muhuri ulikandamizwa mara ya kwanza, ukatolewa, ukapelekwa tanuruni kupashwa moto ili ulainike, kisha ukarudishwa kukandamizwa tena juu ya picha ile ile. Kila unaporudishwa lazima ukae pale pale ulipokaa mwanzo.

Muhuri mmoja wa kiwanda cha sarafu cha Philadelphia haukukaa pale pale. Ulirudi ukiwa umezunguka kidogo, na picha ya pili ikazama pembeni ya ile ya kwanza.

Mzunguko huo unaeleza jambo jingine ambalo wageni wa sarafu hii hushangaa: mbona sura ya Lincoln haijawa na pua mbili? Kitu kikizunguka kwenye kitovu chake, kilicho karibu na kitovu husogea kidogo sana na kilicho ukingoni husogea zaidi. Tarehe na maandishi yako ukingoni, ndiyo maana yameachana. Uso uko karibu na katikati, ndiyo maana umebaki karibu kama ulivyo. Ukishaelewa hilo, unaweza kuitazama sarafu na kuona kabisa muhuri ulizunguka kuelekea wapi.

Muhuri ule mbovu ulipita bila kuonwa na mkaguzi, ukafungwa kwenye mashine, ukaanza kazi. Kwa maelezo ambayo wanahistoria wa sarafu wameyapokea kutoka kiwandani, mashine kadhaa zilikuwa zikipiga senti siku hiyo, na kilichotoka kilikusanywa na kuchanganywa pamoja. Jioni jioni mkaguzi mmoja akaona senti zenye maandishi mawili, muhuri ukang'olewa. Kufikia hapo zilikuwa zimeshapigwa zaidi ya 40,000. Zilizokuwa bado kwenye sanduku la mashine ile ziliharibiwa. Lakini takriban 24,000 zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na senti nzuri za mashine nyingine. Kiwanda kikaamua ziende.

Wapo wanaouita uamuzi huo uzembe. Sioni hivyo. Kuzitoa senti 24,000 kutoka kwenye rundo kubwa kungehitaji kuchambua moja moja kwa macho au kuyeyusha rundo zima, na kila moja ilikuwa na thamani ya senti moja. Kiwanda cha Philadelphia kilipiga senti zaidi ya milioni 330 mwaka ule. Zile mbovu zilikuwa kama moja katika kila 14,000. Zilikuwa na uzito sahihi na shaba sahihi, na dukani zingepokelewa bila swali. Mwaka 1955 hapakuwa na mtu pale kiwandani mwenye sababu ya kudhani kuna atakayezitafuta.

Walikosea katika hilo tu, na waliosababisha wakosee ni wale wavuta sigara. Laiti senti zile zingesambaa nchi nzima kwa mkupuo, huenda zingepotea zikionekana moja hapa, moja kule. Badala yake mifuko yake ilifika maeneo machache, na baadhi ikaishia kwa waliokuwa wakichomeka chenji kwenye pakiti. Mtu mmoja anazipata mbili kwa siku moja, jirani yake anapata nyingine, watu wanaanza kulinganisha.

Johnson City, mji ulio jirani kabisa na Binghamton, palikuwa na kijana mfanyabiashara wa sarafu aitwaye James Ruddy. Yeye ni miongoni mwa wa kwanza kuzinunua kwa wingi, akitoa robo dola kwa kila senti. Fikiria hesabu hiyo kwa macho ya mtu wa wakati ule: mara ishirini na tano ya thamani yake, kwa kitu ambacho vitabu vya wakusanyaji havikukitaja na ambacho wenzake wengi walikiona ni uchafu wa kiwandani. Ruddy baadaye alishirikiana na Q. David Bowers kuendesha kampuni ya Empire Coin, na maandishi ya Bowers ndiyo yaliyohifadhi sehemu kubwa ya habari za siku hizo za mwanzo. Bila watu wa namna hiyo, wanunuzi walioandika walichokinunua na wapi, tungebaki na sarafu zisizo na historia.

Ni haki kusema kwamba 1955 haikuanzia jangwani. Miaka minane kabla, mwaka 1947, kijana wa Pittsfield, Massachusetts, alipata kwenye chenji ya chakula cha shuleni senti ya 1943 ya shaba. Mwaka 1943 senti zilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, kwa kuwa shaba ilihitajika vitani. Vipande vichache vya shaba vilivyosalia mashineni vilipigwa kimakosa. Kulikuwa na uvumi nchi nzima kwamba Henry Ford angempa gari mpya yeyote mwenye senti hiyo. Kijana aliuliza, akajibiwa kwamba uvumi si kweli. Wizara ya Fedha nayo ilijibu kwamba senti zote za 1943 ni za chuma. Akaitunza tu. Iliuzwa mnadani Januari 2019, baada ya kifo chake, kwa dola 204,000. Tofauti na ya 1955, senti hiyo ni adimu mno. Mtu wa kawaida alikuwa na ndoto yake, hakuwa na nafasi ya kweli ya kuikamata. Zile 24,000 zilitosha kumfikia fundi bomba, mwalimu, karani wa benki. Hobi hustawi pale ambapo kitu ni adimu kiasi cha kutafutwa na kingi kiasi cha kupatikana.

Miaka ya mwanzo ya 1960 watafutaji hao walikuwa wameshakuwa jamii. Waliagiza senti benki kwa mifuko, wakakaa mezani usiku na lenzi, wakazichambua na kuzirudisha. Frank Spadone alichapisha mwongozo wa makosa na tofauti za sarafu, ukiwa na bei, na bei ndiyo iliyowashawishi wenye maduka kuzipa makosa nafasi kwenye kabati zao. Vyama viwili vya wapenzi wa makosa, CONE na NECA, vilifanya kazi sambamba mpaka vilipoungana mwaka 1983 na kuwa CONECA.

Mtu ambaye mimi namwona mkubwa kuliko wote katika kundi hili ni Alan Herbert. Kabla yake, kila mkusanyaji alikuwa na majina yake. Kosa moja liliitwa hivi Ohio na vile California. Herbert alisisitiza makosa yapangwe kwa kuuliza yalitokea hatua gani ya kazi, na hatua ni tatu: kipande kitupu (madini ambayo bado hayajapigwa picha), muhuri, au pigo. Kipande kitupu kinaweza kuwa cha madini yasiyo yake, chembamba kupita kiasi, au kilichokatwa vibaya. Muhuri unaweza kuwa na ufa, kumeguka, au kuwa na picha mbili. Pigo linaweza kuangukia pembeni, au kurudiwa. Kwa mpango huo senti ya 1943 ya shaba ni kosa la kipande, na ya 1955 ni kosa la muhuri, na mjadala wote ule wa "ilipigwa mara mbili" unaisha kwa sentensi moja.

Umuhimu wa mpango huo haukuwa wa darasani. Fedha za watu zilikuwa hatarini. Senti ya 1955 ilipopanda bei, walitokea wauzaji wa senti nyingine za mwaka huo huo ambazo tarakimu ya mwisho, ile 5, ina kivuli kidogo pembeni. Muhuri ukitumika sana huchakaa, na shaba inapoteleza juu yake kila siku, kingo za herufi hulika na kutoa kivuli cha namna hiyo. Senti hizo ni nyingi mno, hazina thamani ya kutajwa, na wenyewe wakusanyaji walizipa jina la senti ya maskini. Kuna pia kivuli kinachotokana na muhuri kutikisika mara tu baada ya pigo: herufi husukumwa na kubaki na ngazi bapa pembeni, na herufi yenyewe huwa nyembamba zaidi ya kawaida. Kwenye picha mbili za kweli kila herufi imejaa, ya duara juu, na pale ambapo herufi mbili zinapandana, ncha zake zinaonekana zimegawanyika. Mwenye kulijua hili halaghaiwi kwa kivuli.

Waghushi nao hawakulala. Senti bandia za 1955 zilianza kupatikana mapema, nyingine zikiwa za kutisha kwa ubora. Hapa tena upande wa ngano ndio unaookoa. Kwa kuwa senti zote halali zilitoka kwenye jozi moja ya mihuri, kasoro ndogo za muhuri wa nyuma zipo kwenye kila moja: mikwaruzo myembamba iliyosimama karibu na herufi T ya neno CENT, upande wake wa kushoto, iliyoachwa na fundi alipokuwa akisugua muhuri. Mghushi aliyetumia nguvu zake zote kuiga tarehe mbili mara nyingi aliisahau mikwaruzo hiyo. Uzito hupimwa pia, na rangi ya shaba huangaliwa, lakini wajuzi huanza na ile T.

Wasiwasi wa ughushi ulifika mbali. Senti za picha mbili zilipoonekana kutoka kiwanda cha San Francisco mwaka 1969, maofisa wa serikali walizikamata baadhi na kuziharibu wakidhani ni bandia, kwa kuwa wakati huo huo kulikuwa na za kughushi zenye mwaka huo zinazouzwa. Baadaye ilithibitika kwamba zile za San Francisco ni halali, zimetoka kiwandani. Zilizoangamizwa ziliangamizwa bure. Nikisoma habari hiyo huumia kila mara, maana jibu lilikuwa ndani ya sarafu zenyewe, na watu wenye elimu ya kulisoma walikuwepo tayari.

Ulipofika mwaka 1972 na Philadelphia ikatoa tena senti yenye picha mbili, hali ilikuwa nyingine kabisa. Haikuhitaji bahati ya pakiti za sigara. Macho yalikuwa yanangoja, na ndani ya muda mfupi soko lilikuwa na bei. Senti ya 1955 yenyewe leo, hata iliyopita mikononi na kuchakaa kidogo, hugharimu zaidi ya dola elfu moja; zile chache zilizobaki na wekundu wake wa shaba mpya huuzwa kwa makumi ya maelfu, na moja iliwahi kupita dola 100,000.

Kiwanda nacho kilijirekebisha. Katika miaka ya 1990 viwanda vya sarafu vya Marekani vilianza kutumia mashine zinazozamisha picha kwa mkandamizo mmoja tu, bila safari ya tanuruni. Wengi walidhani picha mbili zimekwisha. Hazikuisha: feleji ikiingia imeinama kidogo inaweza kuteleza na kujinyoosha katikati ya mkandamizo, na picha ikajirudia, safari hii karibu na kitovu badala ya ukingoni. Senti za 2009 zinazomwonyesha Lincoln kijana ameketi juu ya gogo akisoma zina mihuri kadhaa ya aina hii, na wakusanyaji humhesabia vidole vya ziada.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye simu yake huletewa matangazo ya shilingi za zamani zinazodaiwa kulipwa mamilioni, zile hatua tatu za Herbert zinafaa kutumika hapa hapa nyumbani. Chukua senti zenye tundu za enzi za ukoloni, ambazo bado zimo kwenye makopo ya bibi na babu zetu. Tundu la senti hizo lilitobolewa kwenye kipande kitupu kabla ya pigo. Ikitokea isiyo na tundu, hilo ni kosa la kipande, na shaba ya katikati lazima iwe imepigwa pamoja na sarafu nzima: uso mmoja, bila mstari wa duara kuzunguka mahali pa tundu, na uzito uzidi kidogo ule wa wenzake. Ukiona mstari, tundu limezibwa. Tundu likiwa limehama na kula herufi, tazama kama kingo zake zimelainishwa na pigo au zina makali ya keekee; keekee maana yake ni mtu, na si kiwanda. Alama ndogo kama H, KN, I au SA si kosa hata kidogo, zinataja kiwanda tu. Na sarafu za helleri 20 za enzi ya Wajerumani zilizopigwa Tabora mwaka 1916, zenye herufi T, za shaba nyeupe na nyekundu, kutoka karakana ya reli wakati wa vita, zina mihuri iliyotofautiana kwa sababu ilichongwa katika shida. Tofauti hizo zina wakusanyaji wake, lakini sarafu iliyopigwa kwa ukali wa vita isiuzwe kwa jina la kosa.

Ukidhani unayo yenye kosa la kweli, usiisugue kwa ndimu wala majivu. Ipime uzito kwa mizani ya sonara, linganisha na nyingine ya mwaka huo huo, piga picha pande zote mbili kwenye mwanga wa ubavuni, na usimtumie yeyote pesa ya "usajili" kabla hajaiona sarafu.